Ramani ni Bapa, Miguu Inajua Kilima

Majuzi niliandika kaprogramu ka kukadiria dakika za kutembea hadi kituo cha basi. Nikachora duara la mita 500 kuzunguka kila kituo, nikagawanya umbali kwa kilomita 5 kwa saa, nikapata dakika 6. Kazi imekwisha! Kumbe nilikuwa nimejenga mji usio na kilima hata kimoja.

Mwaka 1993 mwanajiografia wa Marekani, Waldo Tobler, alitoa fomula ya mwendo wa mtu anayepanda na kushuka, akitumia vipimo vya Mswisi Eduard Imhof. Kwenye tambarare inatoa kilomita 5 kwa saa. Njia ikipanda mita 20 kwa kila mita 100, kasi inaanguka hadi 2.5. Zile mita 500 zinakuwa dakika 12. Kushuka njia hiyo hiyo ni dakika 8 na nusu. Kwenda si sawa na kurudi, na duara langu si duara tena.

Watu wa miji ya vilima walijua haya bila fomula. Kule San Francisco, farasi walikuwa wakihangaika kuvuta magari ya abiria kwenye barabara zinazopanda. Andrew Hallidie, aliyetengeneza kamba za chuma za migodini, akazileta mjini. Mwaka 1873 gari lake lilianza kupanda Clay Street: mtambo wa mvuke ulizungusha kamba chini ya barabara, nalo gari likaishika kwa koleo. Miaka michache baadaye matajiri wa reli walikuwa wakijenga majumba juu ya Nob Hill. Kilima kilichokuwa adha kikawa fahari.

Medellín, Kolombia, waliopanda vilima walikuwa wengi wao maskini, waliojijengea nyumba mahali palipobaki. Metro iliyofunguliwa mwaka 1995 ilipita bondeni. Mtaa wa Santo Domingo Savio uko kama kilomita 2 kutoka kituo cha Acevedo, lakini uko juu yake kwa karibu mita 400. Weka hizo kwenye fomula: dakika 48 za kupanda. Mwaka 2004 jiji likatundika vibanda vya abiria kwenye waya, vikiungana na metro. Mwaka 2011 likaweka ngazi za umeme mtaani Comuna 13. Umbali haukubadilika; mji ndio uliosogea karibu.

Na kumbuka, fomula haimjui mama mjamzito wala mzee mwenye mzigo. Kwao hizo dakika ni chache mno.

Kisingizio hatuna. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu, na data hizo ni za bure. Nimeshazitia kwenye programu yangu.

Je, kituo chako kiko mbali kiasi gani, ukienda na ukirudi? Tukutane tena.