Ziwa Moja, Ndugu Wawili

Anayedhani kwamba kumpa mtoto wa mwingine maziwa ya mama ni jambo geni lililoletwa na hospitali, hajaitazama vyema historia ya pwani yetu. Kwa Waislamu wa Lamu, Mombasa na Unguja, walionyonya ziwa moja ni ndugu, na Kurani (4:23) inawaharamishia kuoana. Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima Saadia. Sheria hiyo ilidai kumbukumbu: sharti ijulikane nani alimnyonyesha nani. Huo ulikuwa usalama wa nasaba. Usalama wa mwili haukuwa na kipimo, na virusi vya UKIMWI, vinavyopita hata katika maziwa, viliufichua upungufu huo.

Upungufu huo ndio unaozibwa na benki za maziwa, ambazo hukusanya maziwa ya akina mama wachangiaji na kuyapima kabla ya kuwapa watoto wa wengine. Ile ya Vienna ilianza mwaka 1909. Ya kwanza nchini Kenya ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Mchangiaji hupimwa damu, kisha maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Joto hilo hupunguza baadhi ya kinga, ni kweli, lakini kwa mtoto njiti aliyekosa maziwa ya mamaye, yaliyobaki bado ni tunu. Pingamizi zito zaidi ni la dini: mwaka 1985 wanazuoni wa fiqhi waliokutana Jeddah walizikataza benki hizi, wakihofia nasaba kuchanganyika. Hofu hiyo ni ya haki. Ila chanzo chake ni chupa isiyo na jina, na bibi zetu walijua dawa yake. Hospitali na ziandike majina, familia zijulishwe.