Bango la Kuomba Radhi

Yasimuliwa kwamba katika mwaka 1955, mjini Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi lililo kusini mwa Marekani, watu waliokuwa wakimtazama wakili mweusi Thurgood Marshall akizungumza katika kipindi cha shirika la NBC waliona sura yake ikitoweka ghafula kiooni, na mahali pake pakatokea bango la kuwaomba radhi watazamaji kwa kuwa waya ulikuwa na hitilafu. Waya ulikuwa mzima. Mkuu wa kituo cha televisheni cha WLBT, kilichokuwa kikikirusha kipindi hicho mjini Jackson, Fred Beard, alikuwa mfuasi wa Baraza la Raia, jumuiya ya watu weupe iliyoundwa ili kuzuia watoto weusi na weupe wasisome pamoja, wala hakuona haya kujisifu kwa wenziwe kwa hila ile.

Zama hizo, katika kila watu 100 walioweza kukipata kituo hicho majumbani mwao, wapatao 45 walikuwa weusi; walakini mgeni aliyeingia Jackson na kuketi kutwa mbele ya WLBT angaliweza kuondoka akidhani kwamba watu hao hawana maskani katika nchi ile. Na hata walipotajwa, walitajwa kwa jina tupu, pasi na lile neno la heshima, Bwana au Bibi, ambalo mzungu yeyote, awe tajiri au mlevi wa barabarani, alitunukiwa bila ya kuliomba. Sisi tuliolelewa katika adabu ya kumwamkia mkubwa kwa shikamoo hatuhitaji kufafanuliwa uchungu wa jambo hili: mama mtu mzima, mwenye wajukuu, aitwapo kwa jina lake la utotoni na kijana asiyemjua, mbele ya umati usio idadi, huyo amekwisha kuvuliwa mtandio hadharani, hata ikiwa habari yenyewe ni ya kumsifu.

Mei 1963 meya wa mji, Allen Thompson, alipotumia televisheni kuyakataa madai ya watu weusi, Medgar Evers, katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo hilo, alidai naye apewe nafasi iliyo sawa, na tarehe 20 ya mwezi huo akazungumza kwa dakika 17. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu amwelezaye jirani yake habari za nyumba wanayokaa wote wawili, na miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba mfanyakazi mweusi wa mashamba ya Mississippi amekwisha kupata habari za mataifa mapya ya Afrika, naye anajua kwamba mwenyeji wa Kongo aweza kuendesha gari la moshi, ilhali yeye, raia wa Marekani, mjini Jackson hawezi kupewa hata gari la taka aliendeshe. Dakika hizo 17 ziliifanya sura yake ijulikane na wengi ambao hawajapata kuiona. Tarehe 12 Juni alipigwa risasi akiwa anashuka garini mbele ya nyumba yake.

Katika sharia ya Marekani mawimbi ya hewani ni milki ya umma, na mwenye kituo huyatumia kwa leseni, ambayo siku hizo ilikuwa ya muhula wa miaka 3. Hapo ndipo kasisi Everett Parker, wa ofisi ya mawasiliano ya kanisa la United Church of Christ, alipoupata mlango. Kwa juma zima la mwanzo wa Machi 1964, watu wa kujitolea, ambao majina yao yalifichwa kwa kuhofia maisha yao, waliketi kwa zamu wakiandika kila kilichotoka kituoni. Kisha Parker, pamoja na mfamasia Aaron Henry wa Clarksdale na Mchungaji R. L. T. Smith wa Jackson, wakaiomba Halmashauri ya Mawasiliano, iliyokuwa ikitoa leseni hizo, isiihuishe leseni ya WLBT. Jibu walilopewa mwaka 1965 lilikuwa la ajabu: kwamba hawana haki ya kusikilizwa, maana mwenye haki ni yule tu aliyepata hasara ya biashara au ambaye mawimbi yake yameingiliwa. Mtazamaji, ambaye mambo yote haya yadaiwa kufanywa kwa ajili yake, hakuhesabiwa kuwa ana dau katika shauri hilo.

Mahakama ya Rufaa, kwa kalamu ya Jaji Warren Burger, iliivunja hoja hiyo mwaka 1966. Halmashauri ikasikiliza, kisha ikaihuisha leseni vivyo hivyo. Na Juni 1969, siku chache tu kabla ya kuapishwa kuwa Jaji Mkuu wa nchi, Burger, ambaye hakuna aliyepata kumwita mwanamapinduzi, akaibatilisha.

Lakini hukumu huweza kumvua mtu leseni. Haiwezi kumfundisha mwingine kushika kamera. Tume ya Kerner, iliyochunguza asili ya ghasia za miji, ilikuwa imebainisha mwaka 1968 kwamba katika kazi za uandishi na uhariri wa habari nchini kote watu weusi hawakufika hata 5 katika 100, na kati ya wahariri na wasimamizi hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Columbia, chini ya Fred Friendly na kwa fedha za wakfu wa Ford, kilianzisha mafunzo ya miezi ya kiangazi kwa vijana ambao milango ya vyumba vya habari ilikuwa imefungwa mbele yao. Kadhalika kipindi cha televisheni cha Black Journal kilizaliwa Juni 1968, kikinadiwa kuwa cha watu weusi, ilhali msimamizi wake mkuu alikuwa mzungu. Wafanyakazi wakagoma Agosti, na usukani ukakabidhiwa William Greaves, ambaye mwaka 1952 alikuwa amehamia Canada kutafuta ujuzi wa filamu alionyimwa kwao. Pembeni mwa kipindi hicho ilikuja kuanzishwa shule ya kufundisha upigaji picha, uchukuaji sauti na uhariri, ikisimamiwa na Peggy Pinn. Kwa rai yangu shule hiyo ndogo ilifanya mengi kuliko hotuba nyingi za zama zile.

Mwaka 1971 WLBT iliwekwa mikononi mwa jumuiya isiyotafuta faida, na mwaka uliofuata William Dilday akawa meneja mkuu, miongoni mwa watu weusi wa kwanza kabisa kushika wadhifa huo Marekani. Kijana Randall Pinkston, mweusi wa kwanza kusoma taarifa ya habari ya jioni mjini Jackson, alipita pia katika mafunzo ya Columbia, ambayo wakati huo yalikuwa yamepewa jina la Michele Clark, mwanafunzi wa mafunzo hayo aliyefikia kuwa ripota wa CBS kabla ya kufa katika ajali ya ndege Desemba 1972. Na mwenyekiti wa bodi ya kituo, mambo yalipokwisha kutulia, alikuwa Aaron Henry, yuleyule mfamasia wa Clarksdale aliyeambiwa mwaka 1965 kwamba hana haki ya kusikilizwa.