Karo Imelipwa, Nauli Je?

Juma hili napenda tuzungumze juu ya fedha za ruzuku, yaani zile fedha ambazo serikali humpa mtu au chuo bila kudai zirudishwe. Ninataka tuzitazame mahali ambapo zimejaribiwa kwa muda mrefu na kwa namna nyingi, nako ni katika vyuo vya jamii vya Marekani. Swali langu ni moja tu. Serikali inapoamua kumsaidia mtu asiye na uwezo ajifunze kazi, fedha hizo zilipie nini hasa? Zilipie darasa peke yake, au zilipie pia maisha yake wakati anasoma?

Swali hili linaonekana dogo, lakini Wamarekani walilijibu vizuri mwaka 1944, kisha wakalisahau jibu lao wenyewe, na imewachukua zaidi ya miaka sitini kulipata tena.

Kwanza tuelewane ni vyuo gani tunavyovizungumzia. Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili, kilicho karibu na nyumbani kwa mwanafunzi, na mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Kikongwe kati ya vile vya umma vilivyopo hadi leo kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi 6. Siku hizi vipo vipatavyo elfu moja nchi nzima. Humo hutoka wauguzi, mafundi umeme, mafundi magari na wachomeleaji wa vyuma, na humo humo hupita wale wanaotaka kuendelea hadi chuo kikuu. Wanafunzi wake wengi si vijana wanaotunzwa na wazazi. Ni watu wanaofanya kazi, na wengi wana watoto.

Sasa turudi nyuma. Mwezi Juni 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi kutoka vitani. Sheria hiyo ilikuja kujulikana kama GI Bill. Serikali ilikuwa na hofu ya mamilioni ya vijana kurudi mitaani bila kazi, kwa hiyo ikaahidi kuwasomesha. Ililipa hadi dola 500 kwa mwaka kwa ajili ya karo, vitabu na zana za kazi. Lakini haikuishia hapo. Ilimpa kila askari aliyekuwa masomoni posho ya kujikimu ya dola 50 kwa mwezi, na dola 75 kama alikuwa na watu wanaomtegemea. Mwaka uliofuata viwango hivyo viliongezwa.

Tuitazame posho hiyo kwa makini, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Waliotunga sheria ile walielewa kwamba mtu mzima hawezi kukaa darasani kama nyumbani kwake hakuna chakula. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Watu wapatao milioni 7.8 walisoma kwa msaada huo. Historia hupenda kuwakumbuka wale milioni 2.2 waliokwenda vyuoni na vyuo vikuu, lakini waliobaki, milioni 5 na ushei, walikwenda kujifunza ufundi, kilimo na kazi za viwandani. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, sheria ile ilikuwa kwanza kabisa sheria ya mafunzo ya kazi.

Haikukosa dosari. Utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa ofisi za majimboni, na katika majimbo ya kusini askari weusi walikuta milango imefungwa. Vyuo vya wazungu viliwakataa, vyuo vya weusi vilikuwa vichache na vilijaa, na maofisa wengi waliwaelekeza kwenye vibarua badala ya ufundi. Walipigana vita ile ile, lakini matunda hawakuyapata sawa na wenzao.

Dosari ya pili ilikuwa ya fedha. Kwa kuwa karo ililipwa moja kwa moja kwa shule, shule za ufundi za watu binafsi zilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Nyingine hazikuwa na zana wala walimu wa kutosha, bali zilikuwa na hodari wa kuandika hesabu za karo. Bunge lilifanya uchunguzi, na mwaka 1952, ilipotungwa sheria mpya kwa ajili ya askari wa vita vya Korea, utaratibu ukageuzwa. Fedha zikawekwa mkononi mwa askari mwenyewe kila mwezi, naye akalipa karo na kujikimu. Hapo Wamarekani walijifunza jambo la pili: fedha zimfuate mwanafunzi, ili shule ilazimike kumtafuta na kumridhisha.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1946, Rais Harry Truman aliunda tume ya kutazama elimu ya juu. Taarifa yake ya mwaka 1947 ndiyo iliyolieneza jina la chuo cha jamii. Tume ilipendekeza kwamba miaka miwili ya kwanza baada ya sekondari itolewe bure na karibu na nyumbani. Vyuo vilijengwa kwa wingi katika miaka ya 1960. Lakini lile neno bure halikutimia nchi nzima.

Mwaka 1965 ikaja sheria ya elimu ya juu ya Rais Lyndon Johnson, nayo ikafungua mlango wa misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi wasio na uwezo. Mwaka 1968 ukaongezwa mpango wa ruzuku kwa vyuo ili viwe na washauri na walimu wa ziada kwa wanafunzi wa aina hiyo. Kisha mwaka 1972 pakatokea mvutano mkubwa. Wakuu wa vyuo walitaka serikali ivipe vyuo fedha moja kwa moja. Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island akashikilia kwamba apewe mwanafunzi. Pell alishinda, na mwaka 1980 ruzuku hiyo ikapewa jina lake. Katika mwaka wake wa kwanza, 1973, kiwango cha juu kilikuwa dola 452.

Naam, somo la mwaka 1952 lilikumbukwa. Lakini lile la 1944, la posho ya kujikimu, likaanza kufifia. Katikati ya miaka ya 1970 ruzuku ya Pell iliweza kulipia zaidi ya robo tatu ya gharama za mwaka mzima katika chuo kikuu cha umma. Miaka ilivyopita gharama zilikimbia, ruzuku ikatambaa, na siku hizi inalipia karibu theluthi moja tu. Mwaka 1976 Jiji la New York, lililokuwa linasomesha bila karo kwa zaidi ya karne moja, liliishiwa fedha na kuanza kutoza. Polepole mjadala wote ukawa ni juu ya karo: ipande, ishuke, au ifutwe.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Katika chuo cha jamii cha Marekani karo ni takriban moja ya tano tu ya gharama zote za mwanafunzi kwa mwaka. Sehemu kubwa ni kodi ya nyumba, chakula, nauli na vitabu. Mwaka wa masomo wa 2023 na 2024 kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 7,395, nayo karo ya wastani katika vyuo hivyo ilikuwa kama dola 4,000. Kwa hesabu hiyo mwanafunzi maskini amelipiwa karo na chenji ikabaki. Mbona basi wengi hawamalizi? Kwa sababu chenji hiyo haifiki mwisho wa mwaka. Gari bovu linamkosesha mtihani, mtoto mgonjwa anamkosesha juma zima, na msimamizi kazini akibadilisha zamu, muhula umekwisha.

Serikali nayo ilipotaka kukuza ufundi ilipenda kutoa fedha kwa vitu vinavyoonekana. Kati ya mwaka 2011 na 2014, baada ya mtikisiko wa uchumi uliowatupa watu wengi nje ya viwanda, Wizara ya Kazi iligawa karibu dola bilioni 2 kwa vyuo vya jamii ili viandae mafunzo ya kazi. Mitaala mipya iliandikwa, mitambo ikanunuliwa, na vyuo vikashirikiana na waajiri. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini ruzuku ya mradi ina tarehe ya kufa. Ilipokwisha, kila chuo kilibaki kujitafutia fedha za kuwalipa wale washauri na walimu, maana mtambo hubaki, lakini mtu asiyelipwa huondoka.

Jibu la mwaka 1944 lilirudi kutoka mahali ambapo wengi hawakutazamia, pale pale New York. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji hilo kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi alitakiwa asome muda wote, si nusu nusu. Naye alifutiwa pengo lolote la karo lililobaki, akapewa vitabu, na akapewa tiketi ya kusafiria kwa treni na mabasi ya jiji kila mwezi. Alipewa pia mshauri aliyemjua kwa jina, kwa kuwa mshauri huyo alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, ilhali wenzake wa kawaida walikuwa na 600 na zaidi.

Watafiti wa shirika la MDRC waliupima mpango huo kwa kura, kundi moja likaingia na jingine likabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika kundi la ASAP walimaliza asilimia 40. Katika kundi la pili walimaliza asilimia 22. Kulikuwa na waliosema kwamba mambo hayo yanawezekana New York tu, kwenye treni za chini ya ardhi. Vyuo vitatu vya Ohio vikajaribu. Huko nako asilimia 35 walimaliza, dhidi ya 19.

Je, haukuwa mpango wa gharama? Ulikuwa. Kila mwanafunzi aliongezewa matumizi ya dola 16,300 hivi kwa miaka mitatu. Lakini hesabu ilipogawanywa kwa idadi ya waliohitimu, kila mhitimu aligharimu kidogo kuliko mhitimu wa utaratibu wa zamani. Mwanafunzi anayeacha njiani naye ana gharama yake, ila hakuna anayeiandika kitabuni.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga vyuo, Bunge liliagiza sehemu ya fedha za dharura iwafikie wanafunzi wenyewe kwa ajili ya chakula na malazi. Na mwezi Julai 2025 ilipitishwa sheria ya kuruhusu ruzuku ya Pell ilipie hata kozi fupi za kazi, za majuma 8 hadi 15, kuanzia Julai 2026. Safari hii wamekumbuka zile shule za uyoga, wakaweka sharti kwamba asilimia 70 wamalize na asilimia 70 wapate kazi. Ni sharti la busara. Lakini mimi nauliza: chuo kitaifikiaje hiyo asilimia 70 bila mtu wa kumshughulikia mwanafunzi, nauli yake na mtoto wake? Nahofia vyuo vingine vitachagua njia rahisi, kuwapokea wale tu ambao wangemaliza hata bila msaada. Hapo mlango uliokuwa wazi tangu Joliet utakuwa umerudishwa nusu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi naongeza kwamba haba na haba ndiyo hiyo hiyo hukitoboa. Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto chuoni anajua kwamba siku ya kulipa ada siyo siku ngumu kuliko zote. Siku ngumu huja katikati ya muhula, wakati risiti ya ada iko mfukoni na nauli ya kesho haipo. Ruzuku isiyoifikia siku hiyo imemfikisha mtu mlangoni tu.