San Gimignano: Majengo na Mahali pa Kihistoria

San Gimignano ni mji mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe, juu ya kilima chenye kimo cha takriban mita 324 kutoka usawa wa bahari, katika mkoa wa Siena, jimbo la Toscana, Italia. Umaarufu wake umetokana na minara mirefu ya mawe iliyokuwa nyumba na ngome za koo tajiri katika Zama za Kati. Kwa mujibu wa mapokeo ya mji minara hiyo ilifika 72, na leo imebaki 14. Mwaka 1990 UNESCO iliuandikisha mji wa kale wa San Gimignano kuwa Urithi wa Dunia. Historia ya majengo yake ina funzo kubwa: utajiri na ushindani ndivyo vilivyoyainua, na umaskini wa karne zilizofuata ndio ulioyanusuru yasibomolewe.

Asili na jina

Kilima hiki kilikaliwa na Waetruski kabla ya Kristo. Jina la mji ni la Mtakatifu Geminiano, askofu wa Modena, ambaye mapokeo husema aliunusuru mji na majeshi ya Attila. Katika jumba la makumbusho la mji umo mchoro wa Taddeo di Bartolo, wa mwaka 1401 hivi, unaomwonyesha askofu huyo ameketi, amepakata mji mzima mapajani, kuta na minara vikiwa vimesongamana mikononi mwake. Ni miongoni mwa picha za zamani zinazotujulisha jinsi wenyeji walivyouona mji wao.

Kilichoukuza mji ni barabara. Njia ya mahujaji iitwayo Via Francigena, iliyotoka Ulaya ya kaskazini hadi Roma, ilipita juu ya kilima hiki. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alilala hapa karibu na mwaka 990 alipokuwa akirudi kutoka Roma, akapataja mahali hapa katika orodha ya vituo vyake. Barabara kuu za leo, Via San Giovanni na Via San Matteo, zinafuata mkondo wa njia hiyo, na mtu anayetembea kutoka lango la kusini hadi la kaskazini hupita walikopita mahujaji.

Mwaka 1199 mji ulijitoa chini ya mamlaka ya maaskofu wa Volterra, ukaanza kujitawala. Uongozi ulikabidhiwa hakimu mkuu aliyeitwa podestà, aliyeajiriwa kutoka mji mwingine kwa muda mfupi ili asiegemee ukoo wowote wa wenyeji.

Zafarani na minara

Fedha za ujenzi zilitokana na biashara, hasa ya zafarani, ile ile inayotia rangi biriani. Ulaya ya wakati huo iliitumia kwa mapishi, dawa na kutia vitambaa rangi. Nyuzi zake huchumwa kwa mkono, tatu katika kila ua, na gramu 1 ya zafarani kavu huhitaji takriban maua 150. Kwa thamani hiyo, mji uliweza hata kulipia madeni yake kwa zafarani.

Matajiri walijenga kwenda juu kwa sababu ardhi kilimani ilikuwa finyu, na kwa sababu urefu wa mnara ulikuwa kipimo cha heshima. Chini palikuwa na karakana na maduka, na juu vyumba vyembamba vyenye mwanga haba. Kuta zilijengwa kwa tabaka mbili za mawe, na katikati zikajazwa kokoto na chokaa. Matundu ya mraba yanayoonekana ukutani hadi leo ndimo zilimopachikwa boriti za majukwaa ya mafundi, na pia za roshani na vijia vya mbao vilivyounganisha nyumba za jamaa. Wakati wa mapigano, watu wa ukoo mmoja waliweza kuhama kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabara.

Mapigano hayo yalikuwa halisi. Ukoo wa Ardinghelli ulikuwa upande wa Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, na ukoo wa Salvucci upande wa Waghibelini, waliomuunga mkono Kaizari. Mwaka 1255 serikali ya mji ilipiga marufuku mtu yeyote kujenga mnara unaozidi Torre Rognosa, mnara wa mita 51 uliosimama juu ya jumba la zamani la podestà. Koo hizo mbili zilijibu kwa kujenga kila mmoja minara pacha, na jozi zote mbili zipo hadi leo, ya Ardinghelli ikiwa imepunguzwa urefu.

Viwanja na maji

Kitovu cha mji ni viwanja viwili vinavyopakana. Piazza della Cisterna una umbo la pembetatu, umesakafiwa kwa matofali, na katikati yake kuna kisima chenye ngazi za pembe nane kilichojengwa mwaka 1273 na kupanuliwa mwaka 1346. Chini yake ni birika la kukusanyia maji ya mvua. Ukikaribia utaona mifereji iliyochimbika kwenye ukingo wa jiwe: imelika kwa kamba za ndoo zilizovutwa hapo karne baada ya karne.

Nje kidogo ya ukuta kuna Fonti, chemchemi ya umma yenye matao kumi, ambako watu waliteka maji na kufua nguo. Mji wa kilimani haudumu bila maji, na majengo haya ya kawaida yanastahili heshima sawa na ile ya minara.

Jumba la serikali

Katika uwanja wa pili, Piazza del Duomo, lipo Palazzo Comunale, jumba la serikali ya mji lililoanza kujengwa mwaka 1288. Mnara wake, Torre Grossa, una urefu wa mita 54 na ndio mrefu kuliko yote. Tarehe 8 Mei 1300 mshairi Dante Alighieri alihutubia baraza katika jumba hili akiwa balozi wa mji wa Firenze, akiwahimiza wenyeji wajiunge na umoja wa miji ya Waguelfi ya Toscana. Ukumbi huo sasa huitwa kwa jina lake. Ukutani kuna mchoro wa Lippo Memmi wa mwaka 1317, unaomwonyesha Bikira Maria katika kiti cha enzi huku podestà wa wakati huo, Nello de' Tolomei, amepiga magoti kando yake. Katika chumba kimoja cha mnarani, Memmo di Filippuccio alichora mwanamume na mwanamke wakioga katika pipa moja la mbao, kisha wakienda kulala. Michoro ya maisha ya nyumbani ya namna hiyo ni adimu kwa enzi zile.

Makanisa

Kanisa kuu la Santa Maria Assunta liliwekwa wakfu na Papa Eugenio III mwaka 1148. Wenyeji huliita Duomo, ingawa kikanuni si kanisa la askofu, kwani San Gimignano haina askofu. Nje ni ukuta mkavu usio na mapambo, na ndani kuta zote zimejaa michoro. Upande mmoja ni Agano la Kale, kazi ya Bartolo di Fredi ya mwaka 1367, na upande wa pili Agano Jipya, kazi ya karakana ya Lippo Memmi. Kwa waumini wasiojua kusoma, hiyo ilikuwa Biblia yao.

Pembeni kuna kikanisa cha Mtakatifu Fina, msichana wa mji huu aliyefariki mwaka 1253 baada ya ugonjwa mrefu aliouvumilia akiwa amelala juu ya ubao. Kilisanifiwa na Giuliano da Maiano mwaka 1468, na Domenico Ghirlandaio akachora humo mazishi ya Fina. Nyuma ya waombolezaji inaonekana minara ya San Gimignano yenyewe.

Kaskazini mwa mji ni kanisa la Sant'Agostino, lililojengwa kati ya 1280 na 1298. Huko Benozzo Gozzoli alichora mwaka 1464 na 1465 matukio 17 ya maisha ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo. Tukio la kwanza ni shule: wazazi wanamkabidhi mtoto kwa mwalimu, na kando yake mwanafunzi mmoja amebebwa mgongoni mwa mwenzake huku akichapwa. Katika kanisa hilo hilo Gozzoli alimchora Mtakatifu Sebastiano akiwakinga wenyeji kwa joho lake, mishale ikivunjika juu yake. Ilikuwa shukrani baada ya tauni ya mwaka 1464.

Kuta, kushuka na kuhifadhiwa

Ukuta wa nje wa karne ya 13 una urefu wa zaidi ya kilomita 2, na malango yake makuu, Porta San Giovanni na Porta San Matteo, ni ya mwaka 1262. Tauni ya mwaka 1348 iliua watu wengi mno, na mwaka 1353 mji uliodhoofika ukawa chini ya Firenze, iliyojenga ngome ya Rocca ili kuudhibiti. Njia za biashara zilihamia mabondeni na fedha zikakauka. Katika miji iliyoendelea kutajirika, minara ilibomolewa kupisha majumba ya mtindo mpya. San Gimignano haikuwa na uwezo huo, na sura yake ya Zama za Kati ikabaki.

Leo hatari ni nyingine. Watalii hufurika kila mwaka, na nyumba nyingi ndani ya ukuta zimegeuzwa hoteli na maduka. Mwezi Aprili 2018 sehemu ya ukuta iliporomoka. Zamani mji ulidumu kwa kuachwa kama ulivyo. Sasa unahitaji mafundi, fedha za matengenezo za kudumu, na wakazi wanaoishi humo, ambao ndio walinzi wake wa kwanza.