Ngozi iko wapi? Gari la mjomba na historia ya kukamatiwa mali

Mwezi uliopita mhariri alinituma upande wa Geita kufuatilia habari ya wachimbaji wadogo. Usafiri wa ofisi hakuna (wenzangu wa magazetini mnaelewa), nikaazima gari la mjomba, Corolla kuukuu aliyoinunua baada ya misimu miwili mizuri ya pamba. Katika mji mmoja njiani, ambao sitautaja, nikaegesha kando ya mgahawa nikaingia kula ugali kwa sato. Kutoka nje, gari hakuna! Muuza vocha ndiye aliyenishtua: "Kaka, wamelivuta. Wahi yadi."

Ilikuwa Ijumaa jioni, yadi imeshafungwa. Jumatatu asubuhi nikasomewa hesabu: faini 50,000, kuvuta 100,000, kulaza gari siku tatu kwa 20,000 kila siku. Jumla shilingi 210,000. Nikauliza, Jumamosi na Jumapili mlifunga wenyewe, sasa nalipia nini? Nikajibiwa, "Ndio utaratibu." Umeandikwa wapi? Jamaa akacheka tu.

Kisha nikaliona gari lenyewe. Bampa la mbele limepasuka, taa ya kulia inaning'inia, na nilipowasha na kuingiza gia, giaboksi ikagonga kama mtu anayebisha hodi. Ile Corolla ni otomatiki, na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu ya mbele. Wao waliinyanyua nyuma wakaiburuza kwa mbele, ikiwa kwenye P. Fundi yeyote wa gereji ya chini ya mwembe atakwambia hilo ni kosa. Nikalalamika. "Ulikuja nalo hivyohivyo," wakanijibu, wakati mimi sikuja nalo kabisa, walilileta wao!

Nililipa. Nilirudi Shinyanga nimejiandaa kwa hasira za mjomba. Hakuuliza habari ya fedha. Alinitazama, akauliza, "Na ngozi iko wapi?"

Ilibidi anieleze. Zamani, Msukuma mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wamtunzie, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi. Lakini ng'ombe akifa, mtunzaji hakutuma maneno matupu. Alipeleka ngozi. Mwenye mali aliisoma ngozi ile: alama zake, rangi yake, kama kuna jeraha la fisi au la mkuki. "Bila ngozi," mjomba akasema, "umemla wewe."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichimba suala hili, na nimeona kuwa mvutano wangu na watu wa yadi una umri mkubwa kuliko magari yenyewe.

Tuanze na gari la kuvuta. Lilibuniwa kwa nia njema kabisa. Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga, Marekani, mwenye gereji aitwaye Ernest Holmes aliitwa kumsaidia rafiki ambaye gari lake lilitumbukia kwenye kijito. Walihangaika kwa saa nyingi na kamba na watu kadhaa. Baada ya hapo Holmes akafunga nguzo, kapi na mnyororo kwenye gari kuukuu aina ya Cadillac, na biashara ya kuokoa magari ikazaliwa. Adhabu ilikuja baadaye. Chuma cha kufunga gurudumu kilibuniwa na Frank Marugg, mpiga fidla wa okestra ya Denver, na polisi wa mji huo wakaanza kukitumia mwaka 1955.

Lakini kukamata mali ya mtu mpaka alipe ni mambo ya kale zaidi. Waingereza walikuwa na mazizi ya kijiji ya kufungia mifugo iliyoharibu mashamba, na mwenye mfugo alikomboa kwa fedha. Hata huko kwao jambo hili halijawahi kutulia. Mwaka 1992 mahakama ya Scotland iliamua kwamba kufunga gari la mtu kwenye eneo binafsi na kudai fedha ili ulifungue ni unyang'anyi na ni wizi. Uingereza na Wales walisubiri hadi Oktoba 2012 ndipo sheria ikapiga marufuku kufunga magari kwenye maeneo binafsi.

Huku kwetu tulianza na ng'ombe. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma uliozinduliwa mwaka 1947 ulikuja na utitiri wa amri: lima matuta, punguza mifugo, ukikaidi faini. Serikali ilisema inaokoa ardhi, na huenda watalaamu wake waliamini hivyo. Mwananchi aliona jambo moja tu, kwamba mali yake inaamuliwa na mtu mwenye karatasi ambayo yeye hajaisoma. Hasira ile ilikuwa moja ya kuni zilizowasha moto wa siasa kanda hii, kiasi kwamba TANU ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958.

Msidhani ni habari za mkoloni pekee. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ndani ya wiki chache yalizagaa malalamiko ya mauaji, mateso na mifugo iliyouawa, na operesheni ikasimamishwa. Aliyesoma bungeni taarifa ya kamati iliyochunguza alikuwa James Lembeli, mbunge wa Kahama, hapahapa kwetu. Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Sheria inaweza kumruhusu ofisa kukamata ng'ombe aliyeingia hifadhini. Haimruhusu kuwaua kiholela wala kuwaacha wafe kwa kiu mikononi mwake.

Sasa sikiliza upande wa pili wa historia, maana babu zetu hawakuishia kulalamika.

Wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa walikuwa na kilio cha miaka mingi juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima anafika na mzigo wake, mnunuzi anapima, mnunuzi anasoma, mnunuzi anaandika. Ukibisha, unabisha na nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana kama Paul Bomani wakasaidia kuweka mizani huru, ili mkulima apime pamba yake kabla hajaifikisha kwa mnunuzi. Ni jambo dogo tu, lakini siku hiyo mkulima alifika akiwa na namba yake mwenyewe mkononi. Kufikia mwaka 1955 kulikuwa na muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, na baada ya muda biashara ya pamba ikawa mikononi mwa ushirika. Chanzo kilikuwa ushahidi, wala hawakushika mawe.

Na sheria je? Ipo. Bunge la kikoloni la India lilipitishiwa Sheria ya Mikataba mwaka 1872, nayo ikatumika hadi Tanganyika. Mwaka 1961 tukapata yetu, iliyofuata ileile kwa karibu sana, na tunayo hadi leo. Inasema aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Wanasheria watabishana kama gari lililovutwa kwa nguvu limekabidhiwa, kwa kuwa mwenyewe hakukubali. Lakini mimi nauliza: mtu aliyenitoza 20,000 kila siku kwa kulitunza gari, anawezaje kugeuka na kusema hakuwa mtunzaji?

Nimeishia wapi? Jumatatu ile, kabla ya kuondoka, waliniletea fomu iliyoandikwa tayari kwamba nimepokea gari katika hali nzuri. Nilikuwa nimechoka, nusura nisaini. Kitu kikaniambia andika. Nikaandika kwa kalamu pembeni: bampa, taa, giaboksi, tarehe, saa. Wakakasirika. Nikapiga picha fomu, gari na risiti yao ya kuandikwa kwa mkono. Baada ya barua mbili na safari moja nyingine, wamenirudishia 40,000 za Jumamosi na Jumapili. Giaboksi hawataki hata kuisikia, na fundi anataka zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Namlipa mjomba kidogokidogo.

Kosa langu la kuegesha nalikubali, na faini yake sikuigombania. Nilichokosa ni picha ya gari kabla ya kuvutwa. Waliolivuta walikuwa na wajibu wa kuandika hali yake pale barabarani, mbele ya shahidi, kabla ya kufunga mnyororo, na hawakuandika. Mimi nami ningeweza kulipiga picha nilipoegesha, ni sekunde kumi tu za simu.

Jana nilimwonyesha mjomba ile fomu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma polepole mpaka mwisho, akairudisha.

"Hii ni ngozi," akasema. "Umechelewa kuileta, lakini ni ngozi."