Ndege za Vita, Milima na Ziwa Viktoria

Mtu asimamaye juu ya majabali ya Capri Point, mjini Mwanza, akakitazama kisiwa cha Saanane na maji yaliyo nyuma yake, hudhani kwamba yuko katika nchi ya chini, kama mtu wa pwani. Macho yamdanganya. Maji yale yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mlima Meza wa Cape Town, ambao mabaharia huuona toka mbali kama ukuta, una mita 1,085 tu. Kwa hiyo uso wa ziwa letu umekipita kilele cha mlima ule. Na yeyote arukaye kwa ndege toka Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe huanza safari yake akiwa amekwisha kufika mlimani, ajapokuwa hajui. Insha hii yahusu ndege za vita zilizoanguka katika nchi za namna hiyo, na swali ambalo kila ajali ya namna hiyo hutuachia: ni nani, au ni nini, kilichoiangusha?

Mwanza iliingia mapema katika ramani ya ndege. Tarehe 28 Februari, 1931, shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila juma toka London, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikaendelezwa hata Cape Town. Ziwa lilikuwa na faida yake: ndege zilizoundwa ili zitue juu ya maji hazikuhitaji uwanja wa kufyekwa wala kusawazishwa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, na Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, njia ya Bahari ya Kati ikafungwa. Ndipo ndege za majini zikashika njia ndefu iliyopinda kama chuma cha kwato ya farasi: toka Durban, kwa kufuata pwani yetu mpaka Mombasa, kisha Kisumu, kisha kando ya mto Nile hata Cairo, na toka huko kwenda Bara Hindi. Jeshi la Anga la Afrika Kusini nalo lilikuwa na ndege zake zilizochukua watu baina ya Misri na nyumbani, nazo zilipumzika Kisumu. Hivyo ziwa lililokuwa mbali na mizinga likawa njia panda ya vita.

Katika njia panda hiyo, tarehe 19 Desemba, 1942, ndege ya Afrika Kusini aina ya Lockheed Lodestar iliruka toka Kisumu, na muda mfupi baadaye ikatumbukia ziwani. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa. Mmoja wao alikuwa Meja-Jenerali Dan Pienaar, mkuu wa Divisheni ya Kwanza ya Afrika Kusini, aliyekuwa akirejea kwao baada ya vita vya El Alamein. Umri wake ulikuwa miaka 49. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana huku akiwa askari kijana. Na tarehe 16 Desemba, 1940, alikiongoza kikosi chake kuwashambulia Waitalia huko El Wak, katika mpaka wa Kenya na Somalia. Tangu ushindi ule hata mauti yake ilipita miaka miwili na siku tatu. Risasi za jangwani zilimkosa. Maji matamu ya Nyanza yakampata.

Mtu mkubwa akifa hivyo, watu hawakubali kwamba amekufa bure. Uvumi wa namna kwa namna ulizuka, na kwa muda mrefu haukuzimika. Waswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake sokoni na barazani, lakini mwandishi wa historia akiichukua kuwa kanuni yake, atapotea. Kwa maana lisemwalo huja kwa sababu limesemwa, si kwa sababu limetendeka.

Wala si huku kwetu tu. Mwaka huohuo wa 1942, tarehe 25 Agosti, ndege iliyomchukua Duke wa Kent, ndugu wa mfalme wa Uingereza, iligonga kilima huko Scotland, wakafa watu 14 kati ya 15. Tarehe 4 Julai, 1943, Jemadari Sikorski, waziri mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni, alikufa baharini, ndege yake ilipokuwa ndiyo kwanza imeruka toka Gibraltar. Katika mambo hayo mawili pia uvumi ulishinda vyeti vya wachunguzi kwa umri: mwaka 2008 Wapoland walifukua maiti ya Sikorski ili waichunguze, miaka 65 baada ya kuzikwa.

Sasa na tuyatazame yale ambayo uvumi huyaacha. La kwanza ni hewa. Kwa kimo cha ziwa letu, hewa imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, ikilinganishwa na ile ya pwani. Na jua likipanda hupungua zaidi. Bawa la ndege huegemea hewa, na rafadha huisukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege yataka mbio nyingi zaidi kabla ya kuinuka, na ikiisha kuinuka hupanda polepole. Mzigo uliokuwa mwepesi Mombasa ni mzito Kisumu.

La pili ni maji yenyewe. Ziwa likitulia huwa kama kioo, na rubani aliangaliaye hawezi kukisia yuko juu kiasi gani. Katika giza kuna hatari nyingine, ambayo madaktari wa urubani wameieleza vizuri: ndege inapoongeza mwendo, mwili wa rubani husukumwa nyuma kitini, naye huhisi kwamba pua ya ndege yainuka mno. Akiusadiki mwili wake badala ya vipimo vilivyo mbele yake, huisukuma pua chini, na chini ni maji.

La tatu ni pepo na milima. Kaskazini ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, umesimama ukingo wa Nandi, na mashariki nchi yapanda hata Kericho, kupita mita 2,000. Mchana upepo watoka ziwani kwenda nchi kavu. Ukipanda milima hiyo na kukutana na upepo wa mashariki, huzaa dhoruba za alasiri. Kericho na Nandi ni miongoni mwa mahali duniani panapoanguka mvua ya mawe mara nyingi kabisa. Usiku upepo hugeuka, ukateremka toka nchi kavu hata ziwani, na mawingu hukutanika juu ya maji. Ndiyo sababu wavuvi wa Mwanza na Ukerewe huogopa radi za usiku wa manane na alfajiri.

Sisemi kwamba moja katika haya matatu ndilo lililomwua Pienaar na wenzake. Nasema kwamba haya ndiyo mashahidi wa kuitwa kwanza, kwa kuwa yalikuwapo siku ile kama yalivyo leo, na hayana upande katika vita.

Watu wa ziwa waliupata ushahidi huo mbali na kwao pia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliteremka katika bonde la Kabaw huko Burma, wakati wa masika, njia zikiwa matope matupu. Chakula chao na risasi zao vilidondoshwa toka angani. Askari yule akitazama juu alijua kwamba ndege ina maadui wawili: Mjapani, na wingu lenye mlima ndani yake. Katika nchi hiyohiyo ya mpaka wa Burma na Bara Hindi, tarehe 24 Machi, 1944, alikufa Meja-Jenerali Orde Wingate, ambaye mwaka 1941 aliwaongoza wapiganaji waliomrejesha Haile Selassie Ethiopia. Ndege yake iligonga milima ya Manipur. Na juu ya Himalaya, katika njia ya kupeleka mizigo China, Wamarekani walipoteza ndege karibu 600, na zilizo nyingi ziliangushwa na barafu, dhoruba na majabali. Hata ndani ya Marekani yenyewe, ambako adui hakufika, watu wapatao 15,000 wa jeshi la anga walikufa katika ajali wakati wa vita. Amani ilipokuja, mlima haukubadili tabia: mwaka 1955 ndege ya East African Airways iligonga Kilimanjaro, wakafa watu wote 20.

Hata hivyo, yatupasa tuchunge tusikimbie kosa moja tukaangukia jingine. Mkono wa mtu nao upo. Tarehe 29 Machi, 1979, katika vita vya Tanzania na Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tupolev ilikuja kuyapiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaanguka Saanane, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Hapo hapana fumbo: nia ilikuwako, na mabomu yalionekana. Tarehe 6 Aprili, 1994, ndege iliyowachukua marais wa Rwanda na Burundi, waliokuwa wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Hapo pia kombora lilikuwa kombora, ingawa watu wangali wakibishana nani aliyelirusha.

Baina ya hayo iko ajali ya Ndola. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, wakati wa vita vya Katanga, alianguka huko Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzake 15. Serikali ya kikoloni ilimlaumu rubani. Umoja wa Mataifa haukukata shauri. Tangu 2015 kazi ya kuyapima upya mambo hayo aliongoza Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Taarifa yake ya mwaka 2017 yasema kwamba shambulio au tishio toka nje ni jambo linaloelekea kuwezekana, na kwamba ziko serikali zenye kumbukumbu ambazo hazijazitoa zote. Tazama alivyofanya: hakuusadiki uvumi, wala hakuudharau. Aliutaka ulete hati.

Basi kanuni ni hii. Ndege ikianguka katika nchi ya milima, iulize kwanza ardhi, kisha hewa, kisha chombo, kisha rubani. Na mkono wa adui uulize mwisho, lakini uulize. Anayeanza na adui hataufikia mlima kamwe, kwa maana adui hutosheleza hamaki. Na hasara yake si ya elimu tu. Jamii iliyozoea kwamba kila mauti ina mtu nyuma yake haitapima mvua wala urefu wa uwanja, bali itatafuta wa kumshika. Na ndege nyingine itaanguka palepale.

Liko deni jingine. Ajali ya Kisumu huitwa ajali ya Pienaar, na wale 11 mara nyingi hutajwa kwa hesabu tu. Walioiona toka ufuoni hawatajwi hata kwa hesabu. Lakini Ghuba ya Winam haikuwa tupu mwaka 1942. Watu wake walivua humo tangu kale, nao huijua hali ya anga ya ziwa kuliko kitabu chochote. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ya Precision Air, yenye watu 43, ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, wakafa 19. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Safari hii dunia iliwasikia, kwa kuwa picha zao zilipigwa palepale. Wale wa 1942 hawakupigwa picha.

Mwanafunzi atakaye kazi, kazi iko. Na ashuke Kisumu, Musoma, Ukerewe na Bukoba, akawaulize wajukuu yale waliyosimuliwa na babu zao juu ya ndege za vita: zilipita wapi, ziliruka saa ngapi, upepo ulikuwa wa namna gani. Asiwaulize nani aliyeziangusha. Watakapokwisha kueleza habari za upepo, huenda swali hilo likawa limejibiwa nusu.