Ufanisi
"Harusi ilifana," twasema, na hakuna anayeuliza iligharimu shilingi ngapi. Ufanisi umetokana na kitenzi hichohicho, ila wachumi huanza na gharama. Tangu mchumi M. J. Farrell, mwaka 1957, hupima kilichopatikana kwa kilichotumika, kisha hulinganisha na walio bora kabisa, si na wastani. Kwa mfano, balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Ya LED hutoa mwanga uleule kwa wati 9 tu. Walio bora ndio mpaka wa ufanisi, na kasi ya mpaka huo kusogea huwasaidia watabiri kukadiria teknolojia ijayo. Basi, ndugu mhariri, kiwanda kilichozalisha zaidi kwa kuchoma mafuta zaidi usikisifu kwa ufanisi. Andika tu kwamba kimezalisha zaidi.